Stelingi alipokufa katikati ya picha

Kila aliyekulia kwenye picha anaijua sheria hii bila kufundishwa: stelingi hafi. Atapigwa risasi, ataburuzwa na farasi, atatupwa mtoni akiwa amefungwa kamba, na bado wale wa viti vya mbele hawatakuwa na wasiwasi, maana wanajua atarudi. Tarehe 16 Juni 1960, katika kumbi mbili za jiji la New York, mwongozaji Alfred Hitchcock aliivunja sheria hiyo mbele ya watu waliolipa kiingilio chao, tena mapema, filamu ikiwa haijafika hata nusu. Filamu yenyewe ni Psycho.

Yameandikwa mengi kuhusu tukio lake la mauaji, kile kisu na lile bafu. Kwa maoni yangu, kazi kubwa zaidi Hitchcock aliifanya mlangoni, kabla taa hazijazimwa.

Chanzo cha yote ni tukio la kweli. Novemba 1957, polisi wa mji mdogo wa Plainfield, jimbo la Wisconsin, walimkamata Ed Gein, mtu mpweke aliyekuwa akiishi shambani peke yake tangu mama yake afariki. Waliyoyakuta ndani ya nyumba yake hayafai kusomwa asubuhi pamoja na chai. Mwandishi Robert Bloch, aliyekuwa akiishi jimbo hilohilo, akaandika riwaya iliyotoka 1959, akichukua tu wazo la jirani mpole anayeficha jambo zito. Hitchcock akanunua haki ya kuitengenezea filamu kwa takriban dola 9,000 kupitia wakala, jina lake likiwa limefichwa ili bei isipande.

Kampuni ya Paramount haikuutaka mradi huo. Mzee alikuwa ametoka kutengeneza North by Northwest, filamu ya rangi, ya gharama kubwa, yenye waigizaji maarufu. Iweje sasa ahangaike na kisa cha mauaji kwenye gesti ya barabarani? Basi akatoa fedha zake mwenyewe. Akaacha mshahara wake wa kawaida wa dola 250,000, badala yake akachukua asilimia 60 ya umiliki wa filamu. Akawaleta mafundi wa kipindi chake cha televisheni, waliozoea kufanya kazi haraka na kwa bei nafuu, akapiga picha za nyeusi na nyeupe, na bajeti ikaishia kama dola 800,000. Nyeusi na nyeupe ilimsaidia kwa jingine pia: damu iliyotumika ilikuwa sosi ya chokoleti.

Sasa turudi mlangoni. Katika Marekani ya wakati ule, kumbi nyingi zilionyesha picha mfululizo kutwa nzima. Mtu aliingia saa aliyopenda, akakuta filamu katikati, akaitazama mpaka mwisho, kisha akasubiri ianze tena mpaka ifike pale alipoikuta, ndipo akaondoka. Anayevijua vibanda umiza vya uswahilini anauelewa mtindo huo.

Kwa Psycho, Hitchcock aliupiga marufuku mtindo huo. Ikishaanza, haingii mtu. Matangazo yalisema hata rais wa Marekani au malkia wa Uingereza hataruhusiwa. Ukumbini kulisimamishwa sanamu bapa ya Hitchcock mwenyewe, urefu wa mtu mzima, ikionyesha saa ya mkononi, na sehemu nyingine waliajiriwa walinzi wa kusimama mlangoni. Wenye kumbi walilalamika kwamba watakosa wateja. Kilichotokea ni foleni ndefu barabarani, na anayepita akiona foleni huuliza kuna nini.

Wapo wanaosema zilikuwa mbinu za biashara tu, tena si mpya, kwa kuwa Mfaransa Henri-Georges Clouzot alikwishatumia mbinu kama hiyo kwa Les Diaboliques mwaka 1955. Ni kweli, lakini kulikuwa na sababu nyingine ya msingi. Kati ya waigizaji wake, Janet Leigh ndiye aliyekuwa na jina kubwa, na picha yake ilitawala bango. Mtu akichelewa saa nzima angekaa akimsubiri Janet Leigh, asijue kwamba ameshauawa.

Kisa chenyewe kinaanza kama habari ya wizi. Marion Crane (ndiye Janet Leigh), karani wa Phoenix, anapewa dola 40,000 za mteja azipeleke benki, naye anatoroka nazo kwa gari. Mvua kubwa inamlazimisha kulala kwenye gesti yenye vyumba 12, vyote vitupu. Anapokewa na Norman Bates, kijana mwenye haya, anayeigizwa na Anthony Perkins. Mtazamaji wa 1960 alikuwa anawaza fedha: je, atazirudisha? Atakamatwa? Marion anaamua kurudi Phoenix, anaingia kuoga, na filamu ambayo mtazamaji alidhani anaitazama inaishia hapo.

Tukio la bafu lina urefu wa chini ya dakika moja, lakini lilichukua siku saba kupigwa picha. Karibu yote tunayodhani tumeyaona hatukuyaona. Tumeona kisu, mkono, tumbo, pazia, maji, kila kimoja kwa nukta tu, na akili ikavishona. Sauti ya kisu ilipatikana kwa kuchoma tikiti. Hitchcock alitaka pale pasiwe na muziki kabisa. Mtunzi Bernard Herrmann akakaidi, akaandika kipande cha vinanda vya nyuzi peke yake, fidla zikipiga mayowe. Aliposikia, Hitchcock akabadili mawazo. Hata baada ya filamu kudhaniwa imekamilika, mkewe Alma Reville ndiye aliyegundua kuwa maiti ya Marion bado ina dalili ya uhai, ikabidi pakatwe.

Lakini mimi huvutiwa zaidi na dakika zinazofuata. Norman anasafisha bafu kwa utulivu, anadeki, anafunga mwili kwenye pazia, anatupa kila kitu ndani ya buti la gari, zikiwemo zile dola 40,000 zilizokunjwa ndani ya gazeti, ambazo hata hajui zipo. Analisukuma gari kwenye kinamasi. Linazama taratibu, kisha linasimama, paa likiwa juu. Norman anatazama huku na huku. Na wewe, uliyekuwa upande wa Marion muda mfupi uliopita, unajikuta unaliombea gari lizame. Linapozama, unashusha pumzi. Nimeiona mara nyingi na bado hunipata palepale.

Wahakiki hawakuonyeshwa filamu mapema. Walipanga foleni kama watu wengine, na baadhi walikasirika. C. A. Lejeune wa gazeti la Observer la London alitoka kabla haijaisha. Bosley Crowther wa New York Times aliipokea kwa ubaridi, kisha mwisho wa mwaka akaiweka kwenye orodha yake ya filamu kumi bora. Miezi miwili kabla ya Psycho, Michael Powell alitoa Peeping Tom huko Uingereza, nayo ikiwa habari ya kijana mpole anayeua wanawake. Wahakiki waliirarua, ikaondolewa kumbini upesi, na jina la Powell halikupona kwa miaka mingi. Psycho walioiamua ni watazamaji. Hitchcock alipenda kusimulia kuhusu baba mmoja aliyemwandikia kwamba binti yake hataki tena kuoga. Alimjibu ampeleke kwa dobi.

Mwaka 1998 Gus Van Sant aliirudia Psycho karibu picha kwa picha, safari hii kwa rangi, kwa muziki uleule wa Herrmann. Haikumtisha mtu. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa kutojua, na bila hicho kisu ni kisu tu.

Hilo ndilo tatizo la anayeitazama leo kwa mara ya kwanza. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilikwishajua habari ya bafu, na makala hii imekufanyia hivyohivyo, samahani. Ila mwisho wake sikuusema, kwa sababu mwaka 1960 Hitchcock aliwaomba waliotoka ukumbini wautunze, na mwisho huo una uzito kuliko bafu. Kama hujaiona, usitafute vipande mtandaoni wala usimuulize aliyeiona. Zima simu, uanze mwanzo. Ina dakika 109.