Makosa ya mkaguzi katika ukaguzi wa kura

Makosa ya mkaguzi ni hitilafu za mtu anayekagua kura kwa sampuli: kusoma karatasi visivyo, kumwandikia kura mgombea mwingine, au kufungua sanduku lisilochaguliwa. Ukaguzi wa kuwekea hatari kikomo, uliopendekezwa na mwanatakwimu Philip Stark wa Marekani mwaka 2008, hukadiria uwezekano wa sampuli kupotosha. Uwezekano wa mkaguzi mwenyewe kukosea haumo katika hesabu hiyo.

Nchini Kenya matokeo ya urais huanzia kwenye Fomu 34A, inayojazwa kituoni. Kituo hakiruhusiwi kuzidi wapigakura 700, hivyo shule moja ya Kibera au ya jirani na steji ya Kawangware 46 huwa na vituo kadhaa, kila darasa na sanduku lake. Mkaguzi akitakiwa kituo cha pili akafungua sanduku la kituo cha tatu, ataripoti tofauti isiyokuwepo. Kosa la namna hiyo huongeza kazi tu, kwani sampuli itabidi ipanuliwe. La hatari ni lile linaloficha tofauti ya kweli. Mtu akishika karatasi yenye tiki iliyoanzia kisanduku cha mgombea mmoja ikaishia cha mwenzake, naye tayari anajua fomu inasemaje, ni rahisi mno aione kama fomu ilivyosema.

Agosti 2022 William Ruto alitangazwa mshindi wa urais kwa kura 7,176,141, Raila Odinga akiwa na 6,942,930. Pengo ni 233,211. Ukiligawa kwa vituo 46,229, ni wastani wa kura tano kwa kituo. Wakaguzi wakikosea karatasi moja katika kila mia, na zote zikaegemea upande wa Odinga, pengo litasogea kwa takriban 282,000, na anayeongoza atabadilika.

Matokeo hayo yalipopingwa, Mahakama ya Juu iliagiza masanduku ya vituo 15 yakaguliwe, vya Nandi, Kericho, Mombasa na Nyandarua, kisha ikaidhinisha matokeo tarehe 5 Septemba. Vituo hivyo vilitokana na malalamiko, si bahati nasibu. Hata vingehesabiwa bila dosari, visingeweza kusemea nchi nzima.

Kinga ni wasomaji wawili, kila mmoja akiandika peke yake kabla ya kuoneshwa fomu. Ripoti isiyotaja walitofautiana kwenye karatasi ngapi haitoshi kuthibitisha matokeo.