Mtazamo wa mjuzi: mapango ya Mlima Elgon

Mtazamo wa mjuzi ni yale yote ambayo mtu huja nayo anapolikabili jambo la kuchunguza: malezi, lugha, taaluma, imani na haja zake. Katika sanaa huonekana waziwazi. Katika sayansi hujificha, ila haukosekani.

Mfano wake bora katika Afrika Mashariki umo upande wa mashariki wa Mlima Elgon, huko Endebess nchini Kenya. Mapango ya Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha yana kuta zilizojaa alama za kuchimbwa. Swali limekuwa, nani alichimba?

Joseph Thomson, Mskoti aliyefika mwishoni mwa 1883, aliwakuta watu wakiishi mapangoni pamoja na mifugo yao. Alikuwa amesomea jiolojia, lakini hakuamini kwamba wenyeji wale waliweza kazi hiyo. Akawaza Wamisri wa kale na vito vya thamani. Wazungu wengi wa zama zake waliyatazama hata magofu ya Zimbabwe Kuu kwa jicho hilohilo, wakamsifu mgeni yeyote mradi asiwe Mwafrika.

Jibu lilikuwa kwenye chumvi. Mvua nyingi huondoa chumvi katika udongo wa mlima, hivyo majani huwa hayana ya kutosha, bali miamba ya volkano mapangoni imeihifadhi. Wafugaji wa Kisabaot walichimba miamba hiyo kwa ajili ya ng'ombe wao. Mchungaji huijua haja hiyo bila kufundishwa. Ndovu nao huingia gizani wakipapasa njia kwa mikonga, wakabandua mwamba kwa pembe, wakausaga na kuumeza. Mwanabiolojia Ian Redmond aliwachunguza humo miaka ya 1980. Mwaka 2006 watafiti Joyce Lundberg na Donald McFarlane wakaeleza kuwa ndovu ndio wachimbaji wakuu wa mapango hayo. Anayedhani mtazamo huharibu maarifa tu na atafakari hapa: Redmond, mtu aliyezoea kufuatana na wanyama, ndiye aliyekesha pangoni na kuona.

Wataalamu wa virusi walikuja na hofu yao. Wagonjwa wawili wa virusi vya Marburg, wa 1980 na 1987, walikuwa wamezuru Kitum, na tangu hapo macho ya wataalamu hao yameelekea kwa popo.

Mlima huohuo ulimpokea Carl Gustav Jung, daktari wa nafsi kutoka Uswisi, mwaka 1925. Alizungumza na wenyeji kwa Kiswahili, akiulizia ndoto. Mzee mmoja alimweleza kwamba tangu Waingereza waje, ndoto kubwa zimekoma, kwa kuwa sasa mkuu wa wilaya ndiye ajuaye kila kitu. Jung aliyasikia maneno hayo kama habari za roho. Lakini wakati huo mashamba ya Trans Nzoia yalikuwa mikononi mwa walowezi, na maneno ya mzee ni ushahidi wa kisiasa vilevile: mamlaka ya kujua yalikuwa yamenyang'anywa pamoja na ardhi. Usomaji huo wa pili umechelewa mno kuandikwa.

Mapango yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa 1968. Mgeni atokaye Kitale huingia kwa lango la Chorlim. Na aende na mwenyeji, amuulize kabla ya kumweleza.