Msaada, Artikle 15 na uhuru wa mutu: mabishano yasiyoisha Ituri

Kila mara chakula cha PAM kinapopunguzwa ndani ya kambi za wakimbizi wa ndani, mabishano ya zamani yanarudi ndani ya mitaa ya Bunia. Wamoja wanasema: "Msaada unazoeza watu uvivu. Mwenye mikono miwili ajitafutie." Wengine wanajibu: "Mutu aliyechomewa nyumba kule Djugu, ajitafutie wapi?" Mabishano hayo yameongezeka nguvu tangu Januari 2025, wakati Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya msaada wake wa inje. Kufuatana na Umoja wa Mataifa, mwaka 2024 Marekani peke yake ilikuwa inatoa karibu asilimia 70 ya feza za misaada ya kiutu nchini Kongo.

Wazo la kila mutu kujibeba si jipya kwetu. Linaitwa Artikle 15. Watu wanaelezea kwamba lilitoka Kasai ya Kusini, eneo lililojitangaza huru mwaka 1960 chini ya Albert Kalonji: wakimbizi walienda kuomba serikali iwasaidie, wakajibiwa "débrouillez-vous". Ni masihara kuliko sheria, lakini wakati wa Mobutu masihara hayo yaligeuka njia ya kuishi. Mama muuza makayabo, motari, mwalimu mwenye kushika jembe kisha masomo: wote wako ndani ya Artikle 15 mpaka leo.

Huko Ulaya na Marekani, kuko watu waliogeuza wazo la karibu na hilo kuwa fundisho la siasa. Wanaitwa walibertari. Kwao, mali ya mutu ni jasho lake, na kumlipisha kodi ili igawiwe wengine ni sawa na kumunyanganya. Mmoja wao, Robert Nozick, Mmarekani, aliandika mwaka 1974 kwamba serikali inapashwa kuwa na kazi ndogo tu: kulinda watu juu ya ujeuri, wizi na udanganyifu, na kuangalia mapatano yaheshimiwe. Basi.

Mutu wa Ituri anaposoma orodha hiyo anaweza kucheka kidogo, juu kazi hiyo "ndogo" njo yenye kukosekana. Utawala wa kijeshi ulianza hapa tarehe 6 Mei 2021. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, wapiganaji wa CODECO waliingia kambi ya Plaine Savo, Djugu, wakaua watu karibu 60 waliokuwa wamekimbilia pale ili wapone. Hata serikali ndogo kabisa ya Nozick ingepashwa kufika usiku ule.

Tena walibertari wenyewe na majirani zao wa mawazo hawasemi neno moja. Friedrich Hayek, adui mukubwa wa mipango ya serikali, alikubali mwaka 1944 kwamba nchi yenye uwezo inaweza kuhakikishia kila mutu chakula, nguo na pa kulala. Milton Friedman alipendekeza mwaka 1962 masikini wapewe feza mukononi, kuliko kulipa maofisi mengi ya kuwaongoza. Na Dambisa Moyo wa Zambia, ambaye jina lake linatajwa sana na wapinzani wa msaada tangu kitabu chake cha 2009, alikuwa anashambulia feza ambazo serikali za inje zinatia ndani ya mifuko ya serikali za Afrika. Msaada wa dharura, ule wa vita na njaa, aliuacha pembeni. Wenye kumtumia ili kukatia mama wa kambini unga, hawakumusoma vizuri.

Je, ni kweli msaada unaleta uvivu? Mwaka 2011, huko Masisi, Kivu ya Kaskazini, wakimbizi wa ndani waligawanywa: wamoja walipewa feza, wengine tiketi za kununulia vitu kwenye maonyesho ya biashara. Uchunguzi ulionyesha waliopewa feza walinunua vitu vya aina nyingi zaidi, na kazi ya kuwagawia iligharimu kidogo kuliko ile ya tiketi. Wenye tiketi nao hawakushindwa: waliuza tena sehemu ya vitu walivyochukua. Artikle 15 tena! Benki ya Dunia nayo ilikusanya chunguzi nyingi mwaka 2014, haikuona kwamba wenye kupewa feza wanazidisha pombe ao tumbaku. Lakini wenye mashaka nao wako na sababu. Mwaka 2023, shirika GiveDirectly lilitangaza lenyewe kwamba karibu dola 900.000 ziliibwa ndani ya kazi yake Kivu ya Kusini.

Upande wa serikali ya Kongo, kuna kidogo cha kubishania. Masomo ya msingi ni ya bure kwa katiba ya 2006, artikle 43, na yalianza kuwa bure kweli mwaka 2019. CNSS inasaidia hasa wafanyakazi wenye kutangazwa na mabosi wao. Muuza tomate hayumo. Bima yake ni likelemba: watu kumi wanachanga kila juma, kila mmoja anapokea kwa zamu. Inasomesha watoto, inazika wafu, hakuna ofisi wala kodi. Mlibertari angeipenda sana. Udaifu wake ni mmoja: kijiji chote kikikimbia usiku mmoja, wenye kuchanga wote wamefilisika siku moja, na hakuna wa kumuinua mwenzake.

Kuna pahali pamoja tu ambapo pande hizi mbili zinaweza kukaa benchi moja: kwenye bariere. Mwaka 2017 shirika IPIS la Ubelgiji lilihesabu bariere 798 ndani ya Kivu mbili, zingine za wenye silaha, zingine za maofisi ya serikali yenyewe. Ituri nayo inazijua. Kwa mlibertari, mwenye kulipisha mama juu ya gunia lake la mihogo ni mwizi, hata akivaa uniforme. Kwa mwenye kutetea msaada, bariere hiyo njo inafanya mama aombe unga kesho.

Wakimbizi wengi wa Kigonze, hapa Bunia, hawangojei mabishano yaishe. Asubuhi wanaendaka kulimia wengine, kazi ya lejaleja, wanalipwa makuta kidogo ao chakula. Wengine wanajaribu kurudia mashamba yao wachimbe mihogo mchana, kisha warudi kulala kambini. Wengine wameuawa ndani ya safari hiyo.