Samaki wa Minamata na Siri Iliyokuwa Katika Kitovu

Leo nataka tusafiri mbali kidogo, hadi nchi ya Japani, halafu nitakurudisha nyumbani, kwenye beseni lako la kuogea.

Minamata ni mji wa pwani katika kisiwa cha Kyushu. Wavuvi wa hapo walikula samaki na chaza asubuhi na jioni, kama sisi tulivyozoea ugali. Mjini palikuwa na kiwanda cha kemikali cha kampuni ya Chisso. Tangu mwaka wa 1932 kiwanda hicho kilitumia zebaki, ile madini ya majimaji inayong'aa kama fedha ambayo umeiona ndani ya vipimajoto vya zamani. Maji machafu ya kiwanda yaliachiliwa baharini.

Paka ndio waliotoa onyo la kwanza. Walipepesuka, wakazunguka kama wachezao ngoma, wengine wakatumbukia baharini. Kisha, Aprili 1956, msichana wa miaka mitano aliletwa hospitalini akiwa hawezi kutembea wala kuzungumza sawasawa. Siku mbili baadaye akaletwa mdogo wake. Tarehe 1 Mei, Dkt. Hajime Hosokawa, mkuu wa hospitali ya kiwanda hicho hicho, aliripoti kwa ofisi ya afya kwamba kumezuka ugonjwa wa ubongo usiojulikana.

Watu walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza, na jamaa za wagonjwa wakaepukwa na majirani. Mwaka wa 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walisema chanzo ni zebaki iliyomo ndani ya samaki. Mwaka huo huo Dkt. Hosokawa alimlisha paka maji machafu ya kiwanda, na paka akaugua vile vile. Matokeo hayo hayakutangazwa. Kiwanda kiliendelea kumwaga zebaki hadi 1968. Miaka tisa, mama! Kila nikisoma habari hii hasira hunipanda.

Lakini mtu ninayetaka umjue hasa ni daktari mwingine, Masazumi Harada, aliyekuwa kijana wakati huo. Alipokuwa akizunguka vijijini alikuta ndugu wawili wenye dalili zinazofanana. Mkubwa alitambuliwa kuwa na ugonjwa wa Minamata, kwa kuwa alikula samaki. Mdogo aliambiwa ana ugonjwa mwingine, kwa sababu hakuwahi kula samaki. Mama yao hakukubali. Alimweleza daktari kwamba yeye mwenyewe alikula samaki hao akiwa mjamzito.

Siku hizo madaktari waliamini kwamba kondo la nyuma huzuia sumu isimfikie mtoto. Harada angeweza kumpuuza yule mama, lakini alimsikiliza. Alichunguza watoto wengi wa aina hiyo, na Novemba 1962, baada ya maiti za watoto waliofariki kuchunguzwa, watoto 16 walitambuliwa kuwa waliathiriwa tumboni. Zebaki ya namna ile hupita kondo la nyuma na kuingia kwenye ubongo unaojengwa. Ndiyo maana mama aliweza kuonekana mzima huku mwanawe akizaliwa hawezi kukaa wala kushika kijiko.

Ushahidi mwingine ulikuwa majumbani. Huku kwetu jamii nyingi huzika kitovu cha mtoto. Wajapani hukikausha na kukihifadhi kwenye kijisanduku. Harada alikusanya vitovu hivyo, vikapimwa, na mwaka wa 1975 matokeo yakachapishwa: vya watoto waliozaliwa Minamata miaka ile ya uchafuzi vilikuwa na zebaki nyingi.

Je, uache samaki? Hapana, tafadhali. Mjamzito na mtoto wanahitaji samaki. Zebaki huongezeka kadiri samaki mkubwa anavyokula wadogo, na kupika hakuiondoi. Kwa hiyo ukiwa mjamzito au unanyonyesha, mwepuke papa na samaki wakubwa wa namna yake. Omena, dagaa na ngege ni chaguo bora.

Sasa turudi kwenye beseni. Katika miaka ya 1990 Harada na wenzake walikuja Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na wa Kenya, wakapima zebaki kwenye nywele za wavuvi, wachimba dhahabu na wengineo. Wengi wa waliokutwa na kiwango cha juu mno hawakuipata kwa samaki. Walikuwa wakitumia sabuni za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Taarifa ya Kenya ilichapishwa mwaka wa 2001. Harada alifariki mwaka wa 2012, na mwaka uliofuata mataifa yalikubaliana mkataba wa kupunguza zebaki, ukapewa jina la Minamata.

Bidhaa hizo bado huuzwa kichinichini. Zebaki iliyomo hupita kwenye ngozi, huumiza figo na mishipa ya fahamu, na huachwa kwenye taulo na mikono inayombeba mtoto. Soma karatasi ya sabuni au krimu yako. Ukiona neno "mercury", "mercuric iodide" au "calomel", acha kuitumia. Na kama haina maandishi yoyote, ije nayo kliniki siku ya kumpima mtoto uzito, tuitazame pamoja. Hakuna atakayekugombeza.