Mauaji ya Lord Erroll na Saa za Mwanzo

Watu wengi hudhani ya kuwa mauaji yasiyofumbuliwa ni yale ambayo muuaji wake aliwashinda askari kwa hila. Lakini mwenye kuzisoma kwa utulivu habari za kesi iliyoitikisa Nairobi mwaka 1941 ataona ya kuwa aghalabu siri huanza kupotea katika saa za mwanzo, mikononi mwa wale wale waliopaswa kuilinda.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari, yapata saa tisa, wachukuzi wa maziwa waliokuwa wakipita karibu na njiapanda ya Karen na Ngong waliiona motokaa aina ya Buick imeacha barabara na kuinamia shimo la changarawe, taa zake zingali zikiwaka, na ndani yake maiti ya Josslyn Hay, Earl wa Erroll, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Askari waliotangulia kufika walidhani ni ajali. Kwa hiyo maiti ikaondolewa, na watu wakapita huku na huko juu ya udongo uliolowa mvua, hata alama za nyayo na magurudumu zikavurugika. Jeraha la risasi karibu na sikio lilipokuja kubainika, maji yalikwisha kumwagika, nayo hayazoleki.

Hapo polisi, kwa kukosa ushahidi wa mahali, wakaegemea ushahidi wa sababu. Nayo sababu ilikuwa dhahiri: Sir Jock Delves Broughton, aliyemwoa Diana Caldwell miezi michache tu nyuma, alijua ya kuwa mkewe anampenda Erroll, na jioni ile ile, katika Klabu ya Muthaiga, alikuwa amewainulia bilauri wawili hao na kuwatakia heri. Zaidi ya hayo, siku chache kabla alikuwa amepeleka habari polisi kwamba bastola zake mbili zimeibwa.

Kwa hayo Broughton akashitakiwa; lakini mahakamani wakili wake, Harry Morris wa Johannesburg, aliishika hoja moja tu hakuiachia: risasi iliyoua ilipita katika mtutu wenye mifuo mitano izungukayo kuelekea kulia, hali bastola za Colt zilizoandikishwa kwa jina la mshitakiwa zina mifuo sita izungukayo kushoto. Silaha yenyewe haikuonekana kamwe, na tarehe 1 Julai Broughton akaachiliwa huru. Mwaka uliofuata akafa Liverpool kwa mkono wake mwenyewe.

Tangu hapo waandishi wamewatuhumu wengine wengi, kwa kuwa Erroll hakuwa na uhaba wa mahasimu. Hata hivyo, waamuzi waliomwachilia Broughton hawastahili lawama, maana sheria haiulizi ni nani aliyekuwa na sababu ya kuua, bali ni mkono gani ulioua. Na kumtia mtu kitanzini kwa dhana, ijapokuwa na nguvu kiasi gani, ni kuongeza dhuluma juu ya dhuluma.