Grogan, Ewart Scott

GROGAN, Ewart Scott (1874–1967), mwanajeshi, mfanyabiashara na mwanasiasa wa walowezi nchini Kenya. Alizaliwa London na kufia Cape Town. Ulaya alisifiwa kwa safari ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo (1898–1900), aliyoifanya baada ya kupigana vita vya Matabele mwaka 1896. Katika historia ya Molo na Eldama Ravine, lililo zito zaidi ni msitu wa Lembus.

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilimuahidi Grogan na mshirika wake Lingham haki ya kukata miti katika msitu huo, ulio kaskazini mwa Molo. Mkataba kamili ukafuata mwaka 1916. Watugen walikuwa wakiishi na kuchunga humo, na hawakuulizwa. Mitarakwa na mipodo ilipasuliwa mbao na kampuni ya Equator Saw Mills. Mwaka 1923 tu, chini ya Gavana Robert Coryndon, ndipo haki za wenyeji msituni zilipowekwa katika maandishi.

Machi 1907, akiwa kiongozi wa chama cha walowezi, Grogan aliwachapa viboko Wakikuyu watatu, wavuta rikisho, mbele ya jengo la mahakama Nairobi, umati wa Wazungu ukitazama. Alidai waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu. Hakuna aliyekuwa amewashtaki, seuze kuwahukumu. Mahali alipopachagua panaeleza yote: alitaka sheria yenyewe ione kwamba haina nguvu juu yake. Na kweli, alishtakiwa kwa mkusanyiko haramu, si kwa kuumiza watu. Kifungo chake cha mwezi mmoja alikitumikia katika nyumba, si jela.

Mwaka 1910 aligombea ubunge Uingereza, akashindwa na Josiah Wedgwood. Alipigana Vita Kuu ya Kwanza Afrika Mashariki, kisha akaketi miaka mingi katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Alijenga hoteli ya Torr's (1928), na hospitali ya watoto ya Gertrude's (1947) kwa kumbukumbu ya mkewe. Hospitali hiyo imewafaa wengi, nayo inastahili sifa yake. Wale watatu wa 1907 hawakujengewa chochote.

Barabara ya Grogan jijini Nairobi sasa huitwa Kirinyaga, ingawa mafundi wa magari na wauza vipuri wa huko bado hupaita Grogan.