Mjumbe wa Habari katika Nchi ya Turkana

Wahenga walisema kwamba mjumbe hauawi. Walijua kuwa mtu achukuaye habari hufanya kazi ya hatari, na kwamba kazi hiyo ina faida kwa watu wote. Siku hizi kazi ya mjumbe imekuwa elimu ya chuo kikuu. Kijana amalizaye shule ya sekondari nchini Kenya aweza kusoma kwa miaka minne, akapata shahada ya kwanza ya mawasiliano. Wengi hudhani kuwa shahada hiyo ni njia ya kusikika redioni au kuonekana katika televisheni, basi. Dhana hiyo ni finyu. Ili tuijue thamani ya elimu hii, na tuitazame historia yake kutoka mahali ambapo habari ilikuwa adimu kama maji, yaani nchi ya Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya.

Tuanze Namoruputh, katika Loima, magharibi ya mji wa Lodwar. Katika nchi kavu kama hii mfugaji huishi kwa habari. Lazima ajue mvua imenyesha wapi, malisho yako wapi, na njia ipi ina usalama. Kwa hiyo msafiri hakupita bila kuulizwa aliyoyaona, na wazee waliyapima maneno yake chini ya mti kabla ya kuhamisha mifugo. Mtu aliyesema kuna majani mahali pasipo majani aliweza kuangamiza mali ya ukoo mzima bila kuinua mkuki. Hata mwaka 1973, Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walipopatana huko Lokiriama, karibu na mpaka wa Uganda, walizika silaha zao na kuyakabidhi mapatano kwa ndimi za wazee. Mapatano hayo yangali yakikumbukwa. Shule ya kwanza ya mawasiliano, basi, ilikuwa chini ya mti, na somo lake la kwanza lilikuwa ukweli.

Serikali ya kikoloni iliifunga nchi hii. Kwa sheria zilizoanza mwaka 1902, mgeni hakuruhusiwa kuingia katika wilaya za mbali za kaskazini bila kibali. Mahali pasipofikiwa na habari palifaa kuwa mahali pa kuwasahaulisha watu. Ndiyo sababu, baada ya hukumu ya Kapenguria ya mwaka 1953, Jomo Kenyatta na wenzake walipelekwa katika gereza la Lokitaung. Kenyatta mwenyewe alikuwa mtu wa magazeti, kwani tangu mwaka 1928 alihariri gazeti la Kikuyu lililoitwa Muigwithania. Lakini ukuta wa jangwa haukuwa mnene kama watawala walivyodhani. Mwaka 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung, iliyoeleza hali yao, ilipenya hata ikachapishwa katika gazeti la Observer la London. Mwaka 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar, akawekwa kizuizini hadi mwaka 1961. Waliotaka asahauliwe walishindwa, kwa kuwa jina lake lilizidi kutajwa barazani na magazetini.

Uhuru ulipokaribia, nchi zetu zilihitaji wajumbe waliofundishwa. Mwaka 1961 palianzishwa jijini Nairobi chuo cha kuwafunza mafundi wa utangazaji, ambacho baadaye kiliitwa Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Shule ya Uandishi wa Habari. Makerere, nchini Uganda, ilianza kutoa shahada ya mawasiliano ya umma mwaka 1988. Hivyo kazi iliyokuwa ya kujifunzia mezani kwa mhariri ikawa taaluma yenye vitabu na mitihani. Mwanafunzi wake husoma uandishi wa habari, utangazaji, sheria, maadili, utafiti na uhusiano mwema, kisha huenda kujizoeza kazini. Turkana nayo imepata chuo: Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana kilianzishwa Lodwar mwaka 2017.

Je, mhitimu atafanya kazi gani? Tutazame yaliyo karibu. Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ilifunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa vita vya Sudan, na baadaye watu wa mataifa mengi wakaja. Mwaka 2008 wakimbizi walianzisha gazeti lao wenyewe, KANERE, ili mambo ya kambini yasisimuliwe na wageni peke yao. Lodwar kuna Redio Akicha ya Jimbo Katoliki. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imezitaka kaunti ziwape raia habari za shughuli zake. Basi kaunti zahitaji maofisa wa mawasiliano. Mashirika ya misaada, hospitali na idara za kudhibiti ukame huhitaji pia watu wa kuyageuza maneno ya wataalamu yawe maneno ya mama anayechota maji. Wengine huwa wahariri, watafiti, walimu, watengenezaji wa filamu au wafasiri.

Lakini kazi nyingi si hoja kubwa. Hoja kubwa ni hii ifuatayo. Mwezi wa Septemba 2013 ilitangazwa kwamba hazina kubwa ya maji imegunduliwa chini ya ardhi ya Turkana, huko Lotikipi na karibu na Lodwar. Habari ilienea duniani pote, na wengi wakaamini kwamba kiu imekwisha. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kuwa maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi mno, hayafai kunywewa. Habari ya furaha ilisafiri kwa mbio. Ya chumvi ilikwenda kwa kuchechemea. Mjumbe mwenye elimu angaliuliza mapema: Maji haya yamepimwa? Ni matamu au ya chumvi? Yatafika lini, na kwa gharama gani? Mzee aliyeketi chini ya mti angaliuliza maswali yayo hayo.

Hapo ndipo historia inapokutana na shahada. Chuo chaweza kumfundisha kijana kutumia kamera na kipaza sauti kwa muda mfupi. Lakini miaka minne haikuwekwa kwa ajili ya vyombo. Imewekwa ili ajizoeze kuuliza, kupima, na kukiri kosa. Kijana wa Namoruputh asomaye mawasiliano ana faida moja zaidi: ajua lugha ya watu wake, na ajua gharama ya habari ya uongo mahali ambapo kisima kiko mwendo wa siku nzima.

Ewe mwanafunzi, ukiitamani kazi hii, anza sasa. Soma lugha kwa bidii, andika kila siku, sikiliza zaidi ya unavyosema, wala usiichukue habari usiyoipima. Njia ya mwongo ni fupi. Njia ya mjumbe mwaminifu ni ndefu, nayo hufika kisimani.